Rangi zikikimbiana pindoni: programu, lenzi mbili, mifereji au chapati za maji?

Shangazi yangu hajasoma fizikia wala hana haja nayo, lakini ndiye aliyeniambia kosa la miwani yangu ya uhalisia pepe, ile inayomweka mtu ndani ya picha, kabla sijalijua jina lake. Nilimvisha ile ya plastiki ya kutia simu, ndani nimeweka picha ya mzunguko mzima niliyoipiga Bandari ya Kale, jahazi limetia nanga na jua la asubuhi linalipiga ubavuni. Akatazama mbele, akafurahi. Kisha akageuza macho pembeni bila kugeuza kichwa, akanyamaza kidogo. "Mwanangu," akasema, "huu mlingoti nao wavaa leso? Mbona una pindo jekundu huku na jengine buluu huku?"

Ndivyo hasa. Leso ina mji katikati na pindo pembeni, na lenzi ni vivyo hivyo: mjini picha ni safi, pindoni ndipo rangi zinapoanza kukimbiana. Tangu siku hiyo swali limekuwa likinirudia, mara kwangu mwenyewe, mara kwa vijana wanaotengeneza ziara za uhalisia pepe za Fort Jesus na Mji wa Kale. Nisahihishe kwa programu? Nitafute lenzi bora? Au nijikusanye ninunue miwani nyingine kabisa? Njia za kupimwa ni nne, na kila moja ina mtu wake. Kabla ya kuzipima, tuuone ugonjwa wenyewe.

Kinachotokea ndani ya lenzi

Lenzi nyingi za bei nafuu ni za akriliki, na akriliki haipindi rangi zote sawasawa. Ukiipima kwa nuru ya buluu yenye urefu wa wimbi wa nanomita 486 kiwango chake cha kupinda nuru ni 1.498, kwa nyekundu ya nanomita 656 ni 1.489. Tofauti yenyewe waweza kuidharau, lakini jicho halidharau. Mafundi wa lenzi huifupisha tabia hii kwa namba ya Abbe, ambayo ikiwa kubwa rangi hutawanyika kidogo, ikiwa ndogo hutawanyika sana. Akriliki ina 57 hivi. Kioo cha kawaida cha krauni kina 64. Polikaboneti, plastiki ngumu isiyovunjika ovyo, ina 30 tu, na ndiyo maana ugumu wake hauisaidii hapa.

Chukua lenzi ya Google Cardboard, miwani ya kadibodi ya kutia simu, ile ya kwanza ya mwaka 2014: kipenyo milimita 25, urefu wa fokasi (umbali kutoka lenzi hadi nuru inapokusanyika) milimita 45. Mwale unaopita milimita 10 kutoka katikati unapindwa kama digrii 12.7. Gawanya kwa 57 na utapata digrii 0.22, ndiyo nafasi inayoachana kati ya nyekundu na buluu. Ukiirudisha kwenye skrini ya simu ni milimita 0.17. Simu yenye pikseli 400 kwa inchi ina pikseli za milimita 0.06, kwa hiyo rangi zimeachana karibu pikseli tatu. Tia polikaboneti mahali pa akriliki, zinakuwa tano. Mlingoti mwembamba wa jahazi kwenye picha yangu ulikuwa na upana wa pikseli nne. Shangazi hakukosea.

Sasa hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Makosa ni mawili, si moja. La kwanza ni *kuhama*: picha ya buluu inakuwa kubwa kidogo kuliko ya kijani, na ya nyekundu ndogo kidogo, basi pindoni hazilaliani tena. La pili ni *fokasi kuachana*: buluu inakusanyika mahali pamoja na nyekundu mahali pengine, mbele na nyuma, hivyo hata katikati kabisa jicho likiipata moja vizuri, nyingine ina ukungu. Kwa lenzi ile ya Cardboard pengo hilo ni kama milimita 0.8. Kosa la kwanza ni la mahali, la pili ni la makali. Dawa inayoponya moja huenda isiiguse nyingine hata kidogo.

Jipime mwenyewe. Chora mistari myeupe myembamba juu ya weusi, mingine katikati, mingine pembeni, uitazame kwa jicho moja. Ukiwa na miwani yako ya kusomea, ivue kwanza. Nayo pengine ni polikaboneti na itakudanganya. Mstari wa pembeni ukiwa na buluu upande wa nje na nyekundu upande wa ndani, hiyo ni lenzi isiyosahihishwa. Ikiwa kinyume, nyekundu nje, basi kuna mtu amesahihisha kupita kiasi, au amesahihisha kwa ajili ya lenzi isiyo hii. Na mstari wa katikati ukizungukwa na ukungu wa zambarau pande zote mbili sawasawa, hilo ni la fokasi. Usiumie sana kwa hilo la mwisho: jicho la binadamu lenyewe lina pengo la takriban dayopta 2 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi) kati ya zambarau na nyekundu, na ubongo umelizoea tangu utotoni.

Vigezo

Nitaiuliza kila njia maswali yaleyale. Inaponya kuhama, fokasi, au yote? Jicho likizunguka pembeni, dawa bado inashika? Inakula nuru kiasi gani, na inaleta mng'ao? Uzito na unene wake je? Na mwisho, mfuko na mikono: nani hapa Mombasa anaweza kuifanya, na itavumilia vipi joto, unyevu na chumvi yetu?

Njia ya kwanza: kusahihisha kwa programu

Wazo lake ni la kihuni kidogo, na ndiyo maana nalipenda. Kama lenzi itaikuza buluu kupita kiasi, basi wewe ichore buluu ikiwa ndogo tangu mwanzo. Nyekundu ichore kubwa kidogo. Kijani iache ilivyo. Zikipita kwenye lenzi, kila moja inapotoshwa kwa kiasi chake na zote zinaangukia mahali pamoja. Ndani ya kompyuta ni kwamba chipu ya picha, badala ya kuisoma picha mara moja kwa kila pikseli, inaisoma mara tatu mahali patatu tofauti. Miwani ya Oculus Rift ya wasanidi ya mwaka 2013 ilikuja na namba zake: mahali pa kusomea nyekundu palizidishwa kwa 0.996, pa buluu kwa 1.014. Ni hayo tu, na pembeni palibadilika kabisa.

Inachoponya ni kuhama peke yake. Programu inaweza kuihamisha rangi, haiwezi kuikusanya. Ukungu wa fokasi utabaki vilevile, hata uandike msimbo mzuri namna gani. Na hata kuhama hakuponi kwa ukamilifu, kwa sababu "nyekundu" ya skrini si wimbi moja bali ni fungu la mawimbi, na ndani ya fungu hilo programu haina mkono. Skrini za OLED zina mafungu membamba kuliko LCD nyingi zinazomulikwa na LED nyeupe, kwa hiyo simu mbili zenye lenzi moja zinaweza kukupa majibu mawili. Tena OLED nyingi za simu hazipangi nukta zake nyekundu, kijani na buluu kwa uwiano sawa, na hiyo nayo huzaa kijipindo cha rangi kisichotokana na lenzi hata kidogo. Nilihangaika siku mbili kukiondoa kabla sijajua.

Jicho likizunguka ndipo udhaifu mkubwa unapotokea. Namba zako zimepigiwa hesabu kwamba mboni iko mahali fulani mbele ya lenzi. Ikisogea milimita kadhaa, mwale unapita pengine kwenye lenzi na masahihisho hayalingani tena. Miwani zinazofuatilia macho zinaweza kubadilisha hesabu papo hapo. Miwani ya simu haiwezi. Dawa ya maskini ni kuhakikisha kila anayevaa amekaa katikati, kwa sifongo na mkanda unaokaza sawasawa.

Nuru haipotei. Uzito hauongezeki hata gramu. Kazi ya chipu inaongezeka kidogo, na kwa simu ya bei ya chini yenye joto la mchana wa Desemba hapa kwetu, hicho kidogo nacho kina hesabu: simu ikichemka inapunguza kasi, picha inaanza kukwama, na mgeni anashikwa na kichefuchefu ambacho rangi peke yake haingemletea.

Kuhusu mfuko, hii ndiyo rahisi kuliko zote, na ndiyo unayoweza kuifanya ukiwa umekaa barazani na kompyuta ya kupakata. Ukitumia mfumo wa OpenXR, kanuni ya pamoja inayounganisha programu na miwani, kwenye miwani ya kampuni, tayari umesahihishiwa na huna haja ya kugusa. Wanaopenda kufungua boneti wana Monado, mfumo huria wa OpenXR, ambao unaruhusu kila rangi ipewe upotoshaji wake. Ila programu inaijua lenzi iliyoambiwa, haiijui iliyopo. Duka moja mjini lilituuzia dazeni mbili za lenzi "za aina moja". Tukazipima mbili, tukaandika namba, tukafunga miwani zote. Siku ya maonyesho nusu ya wageni waliona sawa na nusu waliona pindo la nyekundu upande wa nje. Zilikuwa plastiki mbili tofauti ndani ya mfuko mmoja. Mwenye duka alisema lenzi ni lenzi.

Njia ya pili: lenzi mbili zilizogandishwa

Isaac Newton aliamini kwamba utawanyikaji wa rangi kwenye lenzi hauna dawa, akaachana nazo akajitengenezea darubini ya kuakisi mwaka 1668. Alikosea. Katika miaka ya 1730 Mwingereza Chester Moore Hall alionyesha kwamba lenzi mbinuko ya kioo cha krauni ikiunganishwa na lenzi mbonyeo ya kioo cha flinti, kinachotawanya rangi zaidi, utawanyikaji wa moja unafuta wa nyingine huku nguvu ya kukuza ikibaki. John Dollond akachukua hataza yake 1758 na kuifanya biashara. Mpaka leo karibu kila darubini ya mkono unayoiona shingoni mwa mabaharia ina lenzi ya namna hiyo.

Inaponya yote mawili, kuhama na fokasi, na inaponya ndani ya kioo, si kwenye skrini. Jicho likizunguka bado rangi zimeshikana vizuri, skrini yoyote utakayotia haibadilishi kitu. Nuru inapita karibu yote. Ukisikia hadi hapo utasema basi, mjadala umekwisha.

Subiri uzito. Miwani ya uhalisia pepe inataka lenzi yenye nguvu ya dayopta 25 hivi, yaani fokasi ya milimita 40. Kwa krauni ya Abbe 64 na flinti ya 36, hesabu inadai lenzi ya kwanza iwe na dayopta 57 na ya pili iwe na dayopta hasi 32, ili zikishindana zibaki 25. Unajenga kilima kisha unachimba shimo. Vioo vinakuwa vinene, vimebinuka sana, na flinti ni nzito kuliko akriliki mara tatu. Weka jozi hiyo puani kwa nusu saa uone shingo itakavyokuambia. Inawezekana kuzifanya za plastiki, akriliki na polikaboneti, zikawa nyepesi, lakini mbinuko mkali unabaki palepale, na mbinuko mkali unaleta upotoshaji mwingine wa umbo. Ndiyo maana njia hii inapendeza kwenye uwanja mwembamba wa kutazama na inachosha kwenye uwanja mpana.

Kwa mikono yetu, za kipenyo kidogo hupatikana ndani ya darubini za mkono zilizokufa, na fundi wa miwani mwenye subira anaweza kukufungulia bila kuvunja. Lakini pwani ina adui wa vioo: kuvu. Lenzi ikikaa kabatini msimu wa masika inaota nyuzi nyeupe mithili ya utando wa buibui, hasa kwenye tabaka za juu na kwenye gundi. Wapiga picha wa mjini wanalijua hili, huweka lenzi kwenye sanduku lenye vipakiti vya kunyonya unyevu. Nawe utahitaji sanduku hilo.

Njia ya tatu: lenzi mseto yenye mifereji

Hii ndiyo niliyoielewa mwisho, na ndiyo iliyonishangaza. Ukichonga juu ya lenzi mifereji midogo ya duara, yenye kina cha takriban maikromita moja, nuru inachepuka kwa sababu ni mawimbi, na rangi inayochepuka zaidi ni nyekundu, si buluu. Kinyume kabisa na kioo. Namba ya Abbe ya mifereji hiyo ni hasi 3.45, ya plastiki yoyote utakayochonga. Kwa kuwa ni ndogo hivyo, inahitaji nguvu kidogo sana kuufuta utawanyikaji wa akriliki nzima: asilimia 6 tu ya nguvu ya lenzi. Na nguvu hiyo iko upande uleule wa kukuza. Hakuna kilima na shimo. Lenzi inabaki moja, nyembamba, nyepesi.

Naiona kama tui la pili: hulioni kwenye sahani, lakini bila yake mchuzi haukamiliki.

Inaponya kuhama na fokasi pamoja. Jicho likizunguka, bado inashika. Pa kulipia ni kwenye mng'ao. Mifereji hukatwa kwa ajili ya wimbi moja, tuseme kijani ya nanomita 550. Kwa buluu ya 450, karibu asilimia 15 ya nuru hukataa kwenda inakotakiwa na huzagaa. Ukitazama sinema ya pwani mchana hutaiona. Ukitazama maandishi meupe juu ya weusi, au nyota, utaona utaji hafifu kuzunguka kila herufi.

Usiichanganye na lenzi ya Fresnel, ile yenye ngazi za duara zinazoonekana kwa macho, ambayo Augustin Fresnel aliibuni kwa ajili ya minara ya taa katika miaka ya 1820. HTC Vive ya 2016 na Quest 2 ya 2020 zinazo. Ngazi za Fresnel hupunguza unene tu. Zinapinda nuru kama lenzi ya kawaida na rangi zinatawanyika kama kawaida. Wauzaji wengi hawajui tofauti, na wakikuonyesha mistari ya duara watakuambia ndiyo hiyo hiyo. Kama mistari unaiona waziwazi kwa macho matupu na inashika ukucha, ni Fresnel.

Kuhusu mikono, sahau karakana. Kalibu yake hukatwa kwa ncha ya almasi, kisha plastiki humiminwa kwa shinikizo. Gharama yote iko kwenye kalibu, hivyo njia hii inamfaa anayeagiza maelfu au anayepata zilizokwisha kutengenezwa. Na kuisafisha ni adabu: upepo wa bahari unaacha chumvi, ukiisugua kavu kwa pindo la shati umeimaliza. Puliza kwanza, kisha kitambaa laini chenye maji safi.

Njia ya nne: lenzi za pankeki

Wenyewe waliziita pankeki kwa wembamba wake. Nyumbani kwetu ningeziita chapati za maji, mbili tatu zimelaliana. Nuru inapita kwenye kioo nusu, kinachopitisha nusu ya nuru na kuakisi nusu, inarudishwa nyuma na utando unaochagua mwelekeo wa mawimbi, inaakisiwa tena na kioo nusu, ndipo utando unaiachilia kuelekea jichoni. Safari imekunjwa mara tatu, basi unene unapungua sana.

Kwa mambo yetu ya rangi, siri iko kwenye kuakisi. Kioo cha kuakisi hakibagui: nyekundu na buluu zinarudi kwa pembe ileile. Kwa kuwa sehemu kubwa ya kukuza inafanywa na kuakisi, si na kupinda, utawanyikaji unakuwa mdogo tangu mwanzo. Yaani Newton, aliyekimbia lenzi akaenda kwenye kuakisi, amerudi kwa mlango wa nyuma. Kinachobaki, watengenezaji wanakimalizia kwa programu.

Picha ni safi mpaka pindoni, na jicho lina uhuru wa kuzunguka. Mtu aliyezoea Fresnel akivaa hizi, jambo la kwanza ninaloliona ni kwamba anaacha kugeuza kichwa kusoma.

Lakini nuru! Inakutana na kioo nusu mara mbili, na kila mara nusu inapotea. Hata kila kitu kikienda sawa, robo tu ndiyo inayofika, asilimia 25. Skrini ikiwa OLED, ambayo nuru yake haijachujwa mwelekeo, unabaki na asilimia 12.5. Kwa hiyo skrini inalazimika kuwaka kwa nguvu, betri inakwisha, joto linapanda. Na nuru iliyokosa njia inaweza kukuletea kivuli cha picha, hafifu, wakati mwingine chenye rangi, kwa sababu tando zile hazitendi sawasawa kwa mawimbi yote.

Mfukoni, hapa unanunua miwani nzima, si lenzi. Pico 4 na Quest Pro zilitoka 2022, Quest 3 ikafuata 2023, Apple Vision Pro 2024. Kampuni ya Meta yenyewe ilirudi kwenye Fresnel kwa Quest 3S ya mwaka 2024 ili bei ishuke, jambo linalokuambia mengi kuhusu gharama. Ikiharibika, hakuna fundi wa Mombasa ninayemjua atakayekubandulia utando mmoja na kuurudisha.

Neno fupi kuhusu uhalisia ulioboreshwa

Miwani za kuona dunia halisi na picha juu yake zina shida yake. Nyingi, kama HoloLens 2 ya 2019, hupitisha picha ndani ya kioo bapa chenye mistari midogo inayochepua nuru, na mistari hiyo inachepua kila rangi kwa pembe yake. Matokeo si pindo la mlingoti. Ni madoa ya rangi yanayotembea kwenye ukurasa mweupe, na upinde wa mvua ukitazama taa. Programu husawazisha madoa kwa kupunguza rangi iliyozidi kila sehemu. Upinde wa mvua unaotoka kwenye taa ya nje haiwezi kuugusa, kwa sababu nuru hiyo haikupita kwenye skrini. Miwani zinazotumia vioo vya kuakisi badala ya mistari zina nafuu ya rangi lakini ni nene zaidi. Na zote, chini ya jua la saa sita pale Makadara, zinafifia.

Wewe uko wapi?

Kama una miwani kumi za simu kwa ajili ya watalii wanaopita dakika tano tano, baki na akriliki na programu. Ndivyo nilivyofanya mimi. Ila kila jozi ya lenzi ipimwe kivyake kwa mistari myeupe, na namba zake ziandikwe kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye miwani ileile, zisiwe za dazeni nzima. Picha zako nazo zisaidie: usiweke maandishi pembeni, na mlingoti mweusi juu ya mbingu nyeupe uuweke mjini, si pindoni.

Kama unaandika programu kwa miwani ya kampuni, usisahihishe mara ya pili. Nimeona mradi mzuri ukiharibika kwa sababu msanidi alinakili msimbo wa zamani juu ya mfumo uliokwisha kusahihisha, na nyekundu ikatoka nje pande zote. Ukiona hivyo, futa chako kabla ya kulaumu lenzi.

Mwalimu au mwanafunzi wa chuo anayetaka kufundisha nuru, au anayejenga kifaa cha jicho moja cha kutazamia kitu kidogo, lenzi mbili zilizogandishwa zitamlipa. Uwanja ni mwembamba, kifaa kimekaa mezani, uzito si neno, na atakachokipima kitalingana na hesabu ya kitabu.

Anayeagiza vifaa vingi kutoka kiwandani na anataka wepesi bila kuongeza bei ya skrini, aulize kuhusu mseto wa mifereji, na aombe sampuli aitazame kwa maandishi meupe juu ya weusi. Akikubaliana na ule utaji, aagize. Kwa video na mandhari hautamsumbua. Kwa ramani za usiku na maandishi, atajuta.

Wale wa kusoma, kuchora majengo, au kukaa ndani ya miwani saa nzima, hasa wanaotazama huku na huku kwa macho bila kugeuza shingo, pankeki ndiyo inayowafaa, wakiwa na chumba chenye kivuli na umeme wa kuchaji karibu. Kwa maonyesho ya barazani mchana, hesabu ya nuru itawaangusha.

Na njia yoyote utakayoichagua, ukienda kununua beba picha yako ya mistari ndani ya simu au kwenye kijiti cha kumbukumbu. Mwambie muuzaji akupe dakika tano. Tazama katikati, tazama pembeni, kisha isukume miwani kidogo kushoto na kulia usoni uone kama rangi zinatoka. Ukimaliza, usiiache mezani lenzi zikitazama juu karibu na dirisha. Jua letu likiingia kwenye lenzi hizo linakusanyika juu ya skrini, na doa litakalochomwa hapo haliondolewi na njia yoyote kati ya hizi nne.